Uongo wa Septemba 11 ulikuwa kwenye vumbi

Kila ikifika Septemba zile video zinarudi. Jengo refu la New York linashuka chini kwa mpigo mmoja, muziki wa kutisha nyuma, maandishi mekundu juu: ndege haikuligonga, nani aliliangusha? Mpaka saa nne asubuhi imeshazunguka magrupu yetu yote ya WhatsApp, na makamanda wameshagawanyika kambi mbili. Wapo wanaosema Wamarekani walijilipua wenyewe, na wapo wanaosema hao wengine wamelishwa matango pori.

Tumeona tuliandikie hili tahariri kwa sababu linatuhusu kuliko linavyoonekana. Sisi ni vijana wa upinzani. Kazi yetu ya kila siku ni kuikatalia serikali mpaka ioneshe ushahidi, na hiyo ni kazi halali kabisa. Lakini kushuku nako kuna ufundi wake. Kisa cha New York kinaonesha jinsi mtu anavyoweza kuishuku serikali miaka ishirini na ushee, usiku na mchana, na bado akapita pembeni ya pale ambapo serikali iliwadanganya watu kweli.

Tuanze na jengo lenyewe. Linaitwa Jengo Namba 7, lilikuwa na ghorofa 47, ng'ambo ya barabara kutoka minara miwili iliyogongwa na ndege tarehe 11 Septemba 2001. Ni kweli ndege haikuligonga. Lakini mnara wa kaskazini ulipoanguka saa 4:28 asubuhi, vifusi vyake vililipiga na kuwasha moto kwenye ghorofa kadhaa. Mabomba makubwa ya maji ya mtaa ule yalikuwa yameshakatika, kwa hiyo vile vinyunyizio vya maji vya ghorofa za chini, moto ulikokuwa unawaka, vilikuwa vikavu. Moto ukatembea ndani karibu saa saba bila mtu wa kuuzima. Saa 11:20 jioni jengo likaanguka.

Taasisi ya serikali ya viwango na teknolojia, NIST, ilitoa ripoti yake ya mwisho Novemba 2008. Ilisema joto lilitanua mihimili ya chuma ya sakafu upande wa mashariki, mihimili hiyo ikasukuma boriti kubwa mpaka ikachomoka mahali ilipokalia kwenye nguzo namba 79. Sakafu zikaporomoka moja juu ya nyingine, nguzo ikabaki peke yake bila kitu cha kuishikilia, ikapinda. Ndani kukaanza kuisha kabla ya nje. Ukiitafuta video ambayo haijakatwa utaona kibanda cha juu ya paa, upande wa mashariki, kinazama ndani sekunde kadhaa kabla ya jengo zima kushuka. Video nyingi tunazotumiana zimekatwa hapo hapo, zinaanzia baadaye.

Sasa kuna maswali matatu ambayo hayakosekani. La kwanza, mwenye jengo, Larry Silverstein, alisikika kwenye filamu moja ya televisheni akitumia neno ambalo watu walilisikia kama "liangusheni". Yeye alieleza baadaye kwamba alikuwa anazungumzia kuwaondoa zimamoto. La pili, BBC walitangaza kwamba jengo limeanguka dakika kama ishirini kabla halijaanguka. Kweli walitangaza. Lakini mchana wote ule zimamoto walikuwa wanasema wazi kwamba jengo litaanguka. Kamanda wao, Daniel Nigro, aliyeshika usukani baada ya mkuu wake kufa asubuhi ile, aliamuru watu wote waondoke na eneo lizungushwe. Habari za aina hiyo, siku ya vurugu kama ile, kubadilika kutoka "litaanguka" kuwa "limeanguka" hakuhitaji njama. Kunahitaji mwandishi mwenye haraka tu.

Swali la tatu ndilo zuri, na tunataka kila kamanda alikumbuke. Mwalimu mmoja wa fizikia wa sekondari, David Chandler, alichukua video, akapima fremu kwa fremu, akasema kuna kipindi jengo lilishuka kwa kasi ya kitu kinachodondoka hewani bila kuzuiwa na chochote. Rasimu ya NIST ya Agosti 2008 haikuwa na jambo hilo. Akawauliza rasmi. Ripoti ya mwisho ya Novemba ikakiri: ndiyo, kwa sekunde 2.25, kama ghorofa nane hivi, lilishuka hivyo. NIST wakaeleza kwamba wakati huo nguzo za nje zilikuwa zimeshapinda na hazina nguvu ya kubeba tena. Mwalimu yule hakuridhika na maelezo na mpaka leo yuko upande wa wanaosema kulikuwa na milipuko. Sisi hatukubaliani na alipofikia. Ila tunaheshimu njia aliyoianza nayo: alipima, akaandika, akauliza mbele ya watu, na serikali ikabidi irekebishe karatasi yake.

Wanaosema jengo lilitegwa baruti wana mzigo ambao hawajawahi kuutua. Siku ile zimamoto wa New York walipoteza wenzao 343. Ndani ya Jengo Namba 7 hakufa mtu wakati linaanguka, kwa sababu hao hao zimamoto walilisoma jengo, wakaona limevimba na kulalamika, wakajitoa. Ukisema lilitegwa, unasema kwamba watu waliozika wenzao 343 walijua na wakanyamaza maisha yao yote. Hivi kweli? Watu gani hao?

Na hapa ndipo tunapotaka kufika. Hao zimamoto hawakunyamaza. Walipiga kelele miaka na miaka, tatizo ni kwamba sisi tulikuwa tunahesabu sekunde za jengo.

Minara ilipoanguka iligeuka vumbi: simenti iliyosagika, asbesto, nyuzi za kioo, risasi, plastiki na maelfu ya kompyuta zilizoungua. Rundo la vifusi lilifuka moto mpaka Desemba. Zimamoto, polisi, mafundi wa kukata vyuma na wajenzi walichimba humo kwa miezi, wengi wao siku za mwanzo wakiwa na barakoa za karatasi au bila kitu. Tarehe 18 Septemba 2001, wiki moja tu baada ya shambulio, mkuu wa shirika la mazingira la serikali, EPA, Christine Todd Whitman, aliwatangazia wananchi kwamba hewa yao ni salama kuvuta.

Mwaka 2003 Mkaguzi Mkuu wa ndani wa EPA hiyo hiyo akatoa ripoti. Akasema shirika halikuwa na takwimu za kutosha kutoa kauli ya jumla namna ile. Akasema ofisi ya Ikulu inayoshughulikia mazingira ilizipitia taarifa kabla hazijatoka, ikashawishi maneno ya kutuliza yaongezwe na maneno ya tahadhari yafutwe. Akataja na sababu: usalama wa taifa, na hamu ya kufungua tena soko la hisa la Wall Street. Soko lilifunguliwa tarehe 17 Septemba. Watu wakarudi kazini. Vumbi lilikuwa bado liko kwenye mapazia.

Soma tena hiyo aya, kamanda. Hakuna baruti, hakuna majasusi wa usiku. Ni karani wa ofisini na kalamu yake, anafuta sentensi ya tahadhari kwenye tangazo la serikali. Na uthibitisho haukutoka kwenye video yenye muziki, ulitoka kwenye ripoti ya mkaguzi ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma. Mahakama ya rufaa mwaka 2008 iliamua kwamba Whitman hawezi kubebeshwa lawama binafsi kisheria. Aliomba radhi hadharani mwaka 2016, miaka kumi na tano baadaye.

Katikati hapo watu walikuwa wanaumwa. Kwanza kikohozi, halafu mapafu, halafu saratani. Walipodai matibabu waliambiwa thibitisheni kwamba ni vumbi lile. Na hapa kuna somo lingine kubwa. Kikosi cha zimamoto cha New York kilikuwa na utaratibu wa kuwapima afya askari wake mara kwa mara tangu kabla ya shambulio, na majalada yalikuwepo. Kwa hiyo madaktari wa kikosi, wakiongozwa na David Prezant, waliweza kulinganisha. Mwaka 2011 walichapisha kwenye jarida la The Lancet matokeo ya askari wanaume zaidi ya 9,800: ndani ya miaka saba ya mwanzo, waliofanya kazi kwenye vifusi walikuwa na saratani kwa takriban asilimia 19 zaidi ya wenzao ambao hawakuwepo. Madaktari walitahadharisha kwamba muda ulikuwa bado mfupi. Walikuwa waangalifu na maneno yao, na ndiyo maana yalisikilizwa.

Sheria ya matibabu, iliyopewa jina la James Zadroga, polisi aliyefariki mwaka 2006 baada ya kufanya kazi pale, ilisainiwa na Rais Obama Januari 2011. Saratani haikuwemo. Baada ya ushahidi ule kuongezeka, mwaka 2012 aina kama hamsini za saratani zikaingizwa. Mfuko wa fidia ukaendelea kukaukiwa, na wagonjwa wakaendelea kupanda basi kwenda Washington kuomba. Julai 2019 Seneti ikapitisha nyongeza kwa kura 97 dhidi ya 2. Mpaka Septemba 2023 idadi ya zimamoto wa New York waliokufa kwa magonjwa ya vumbi lile ilikuwa imefika 343, sawasawa na waliokufa siku yenyewe. Imeshapita hapo sasa.

Wala si New York peke yake. Mwaka 2022 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, uliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani kundi lenye ushahidi wa kutosha. Hiyo ni kazi ya zimamoto popote ilipo, na popote ni pamoja na hapa kwetu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuisoma habari hii kwa karibu. Mtandao ule ule wa Al-Qaeda ulilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998. Nairobi, jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi liliporomoka, na watu walichimba kwa mikono. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, na askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji pamoja na vijana wa kujitolea wakaingia kwenye vumbi wakitafuta sauti za watu. Tuliwapigia makofi. Je, kuna mtu aliandika majina yao? Wanapimwa mapafu kila mwaka? Majalada yako wapi? Vifaa vya kupumulia walivyonavyo ni vingapi na ni vya mwaka gani? Haya ni maswali ya baraza la madiwani, ya bungeni, ya barua rasmi yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.

Serikali yoyote, ya Washington au ya kwetu, inafurahi sana ukiwa unabishana kuhusu baruti za siri. Swali la baruti haliigharimu kitu. Inajibu "wazushi hao", mchezo umeisha, na siku ukija na ripoti ya kweli unakuwa umeshabandikwa jina hilo hilo. Swali la vifaa na vipimo linaigharimu bajeti, ndiyo maana hulipendi kuliona linaulizwa.

Kwa hiyo Septemba ijayo video ikiingia kwenye grupu, usimtukane aliyeituma. Muulize imekatwa wapi. Kisha mtumie habari ya mkaguzi wa EPA na kalamu iliyofuta tahadhari. Na kabla wiki haijaisha, wewe na wenzako wa tawi nendeni kituo cha zimamoto kilicho karibu nanyi, muwasalimie askari, muwaulize mara ya mwisho walipimwa afya lini. Jibu watakalowapa liandikeni, mlilete kwenye kikao. Hapo tutakuwa na kitu cha kupambana nacho.