Maabara na Kazi Inayomngoja Mwanafunzi

Juu ya kilima cha Bugando, mjini Mwanza, ipo hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 2003 wanafundishwa hapo madaktari. Chini yake ni ziwa, na katika ziwa hilo wamo konokono waenezao kichocho cha tumbo. Twawauliza walimu wanachuo: kijana anayesomea udaktari mahali kama hapo afanye nini maabarani?

Desturi ya zamani, iliyoenea katika vyuo vingi duniani, ni kumwekea hadubini yenye kioo kilichokwisha tayarishwa. Huchungulia, huchora yai la kichocho na mwiba wake wa ubavuni, huandika jina, basi. Lakini katika hospitali ya wilaya visiwani Ukerewe hakuna atakayemtayarishia kioo. Huko kinyesi huchujwa, hujazwa katika tundu la kibao lichukualo miligramu 41.7, hufunikwa kwa selofeni iliyolowekwa katika gliserini, kisha mayai huhesabiwa na hesabu kuzidishwa kwa 24 ili ijulikane idadi katika gramu moja. Kioo kikicheleweshwa, mayai ya minyoo ya safura hufifia yasionekane, na mgonjwa huambiwa kwamba hana minyoo. Mchoro haufundishi hatari hiyo.

Pengine mtasema kwamba hiyo ni kazi ya fundi wa maabara. Ni kweli kwa sehemu. Ila daktari asiyejua jinsi jibu lilivyopatikana hatajua ni lini alitilie shaka. Kwa maoni yetu, mkufunzi na aitazame kwanza kazi yenyewe, ndipo achague zoezi. Kuchora kusifutwe, bali kusimeze saa zote.

Nasi walimu jambo hili latuhusu. Katika shule za kandokando ya ziwa, mwalimu ndiye ashikaye fimbo yenye alama za vimo, na kwa kimo cha mtoto huamua idadi ya vidonge vya prazikwanteli, baada ya watoto kula. Ndiye pia atakayeulizwa kwa nini mtoto aliyetibiwa ameugua tena. (Dawa huua minyoo iliyomo mwilini, haimkingi mtoto arudiaye kuoga ziwani.) Mwanachuo aliyechora mzunguko wa maisha ya kichocho bila kuishika fimbo hiyo hajafanya somo la vitendo. Katika mtihani tungependa apewe fimbo, watoto watatu wa vimo mbalimbali, na punje za mahindi badala ya vidonge. Kisha aeleze mbele ya msahihishaji kwa nini kila mmoja amempa kiasi hicho.