Warumi Walionyang'anywa Jina

Wako wanachuoni wasemao kwamba dola ya Bizanti iliishi miaka elfu na zaidi kama mlinzi wa kaburi: ilinakili vitabu vya Wayunani wa kale, ikavirudia, wala haikuzaa jambo. Shutuma hiyo ni nyepesi, na aghalabu hutoka kwa watu wasiojua hata jina la wale wawashutumuo. Raia wa dola ile walijiita Warumi, tangu Konstantinopoli ilipozinduliwa mwaka 330 hata ilipotekwa mwaka 1453. Wabizanti, kwao, walikuwa wenyeji wa mji mkuu tu. Kuwaita raia wote jina hilo kulienezwa na vitabu vya Ulaya, kuanzia kile cha Hieronymus Wolf cha mwaka 1557, dola yenyewe ikiwa imekwisha kuzikwa. Waarabu waliwaita Rum. Na huko Pate, mtunzi wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 alimjua Herekali kuwa mfalme wa Rumi. Pwani ya mbali ilishika jina ambalo majirani walilifuta.

Mwenye kuabudu kitu cha kale hathubutu kukigusa. Warumi hawa walikigusa sana. Nguzo ya shaba ya nyoka watatu, iliyowekwa Delphi kwa shukrani ya kuwashinda Waajemi mwaka 479 kabla ya Kristo, iling'olewa ikasimamishwa katika uwanja wao wa mashindano ya farasi, na kipande chake kingalipo Istanbul. Karibu nayo mwaka 390 ilisimamishwa nguzo ya jiwe ya Farao Thutmose III, na kwenye kitako chake akachongwa Kaisari Theodosio akitazama michezo. Anna Komnene, katika karne ya 12, alikiita kitabu cha habari za baba yake Alexias, kwa mfano wa Iliadi ya Homer. Lakini aliyetukuzwa humo ni Aleksio, si Akile. Je, huo ni utumwa?

Wanaotaka lawama ya haki waitafute kwa Konstantino VII. Katika karne ya 10 aliona historia imekuwa kubwa mno, akaamuru vitabu vikatwekatwe na kupangwa chini ya vichwa 53: ubalozi, njama, wema na uovu, na mengineyo. Vilivyosalia ni vichache. Safari ya Priscus kwa Attila mwaka 449 twaisoma leo kwa kuwa ilihusu ubalozi; sehemu kubwa ya mengine aliyoyaandika Priscus haipo.