Mji Ambao Malango Yake Hayafungwi: Uraia wa Mbinguni na Wajibu Wetu Mpakani Murusagamba

Mwaka Mtakatifu wa Jubilei 2025, uliotuita sote kuwa Mahujaji wa Matumaini, ulihitimishwa mjini Roma tarehe 6 Januari 2026. Mlango Mtakatifu umefungwa, lakini hija yetu bado inaendelea. Hujaji si mzururaji, anajua anakokwenda. Basi yatupasa kujiuliza: sisi tuliobatizwa tunakwenda wapi, na safari hiyo inatudai nini hapa tulipo?

Sehemu ya kwanza ya swali hili imekwisha kujibiwa na Maandiko Matakatifu. Waraka kwa Waebrania watufundisha kwamba hapa duniani hatuna mji wa kudumu, bali tunautafuta ule ujao (Ebr 13:14). Mtume Paulo anawakumbusha Wafilipi kwamba uraia wetu uko mbinguni (Flp 3:20). Sehemu ya pili ina uzito wa pekee kwa waamini wa Murusagamba, kata ya Wilaya ya Ngara iliyo jirani na nchi ya Burundi. Huku kwetu maneno raia, mgeni, mkimbizi na mpaka tunakutana nayo shambani, sokoni na katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Fundisho juu ya Mji wa Mungu lilipata ufafanuzi wake mkubwa wakati wa wakimbizi. Mwezi Agosti mwaka 410, Wagothi wakiongozwa na Alariki waliuteka na kuupora mji wa Roma, uliodhaniwa kuwa wa milele. Watu wengi walivuka bahari wakakimbilia Afrika ya Kaskazini, na miongoni mwa waliowaona wakifika alikuwa Mtakatifu Augustino, Mwafrika mzaliwa wa Tagaste na Askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Wapagani walidai kwamba Roma imeanguka kwa sababu ya Wakristo. Kati ya mwaka 413 na 426 Augustino aliandika vitabu 22 vya kazi yake kuu, Mji wa Mungu, kujibu madai hayo. Alifariki mwaka 430, wakati Wavandali wakiuzingira mji wake mwenyewe. Mtu huyo hakuandika juu ya mbingu kwa sababu hakuyajua mateso ya dunia.

Kwa ufupi, Augustino afundisha kwamba miji miwili imejengwa na mapendo mawili: kujipenda mwenyewe hata kumdharau Mungu, na kumpenda Mungu hata kujisahau mwenyewe. Miji hiyo haitenganishwi na mto wala na alama za mpaka. Imechanganyika hadi siku ya hukumu, na inaweza kukutana hata ndani ya nyumba moja na moyo mmoja. Zaidi ya hayo, asema kwamba mji wa mbinguni, ungali safarini duniani, hukusanya raia wake kutoka mataifa yote na lugha zote. Unaheshimu sheria na amani ya nchi, mradi haviwazuii watu kumwabudu Mungu wa kweli. Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, ni mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Ni wakati mwafaka wa kulirudia fundisho hili.

Wilaya ya Ngara imekwisha kupimwa kwa kipimo hicho. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokuwa wakikimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na Benaco ikageuka ghafla kuwa mji wa mahema. Baadaye wakimbizi wa Burundi walipokelewa katika kambi ya Lukole. Wenyeji waligawana na wageni maji, kuni na ardhi. Hatupaswi kuipamba historia hiyo kupita kiasi. Miti iliteketea, wizi na ujambazi viliongezeka, na miongoni mwa waliovuka walikuwamo pia watu wenye damu mikononi. Ukarimu ulikuwa na gharama, na waliolipa walikuwa wakulima maskini. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wapatao nusu milioni walirejeshwa kwao, wengi bila hiari ya kweli.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mwezi Julai iliagizwa kwamba wahamiaji wasio na vibali waondoke nchini, na mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa, wakiwamo waliokuwa wameishi hapa kwa miongo mingi, wakaoa na kuzaa hapa. Mwaka uliofuata nchi yetu ilionyesha sura nyingine: wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya 160,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania. Matendo haya mawili ya taifa moja yanaonyesha kwamba karatasi ya uraia inatolewa na binadamu na inaweza kunyimwa na binadamu. Ina thamani kubwa, lakini haiwezi kuwa kipimo cha mwisho cha utu.

Sisi watu wa mpakani tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa Kirundi; msemaji wa huku na msemaji wa ng'ambo husikilizana bila mkalimani. Kwa sababu hiyohiyo, Watanzania wazaliwa wa mikoa ya mpakani hujikuta wakiulizwa uraia wao wanapotafuta kitambulisho cha taifa. Mwaka 2018 vyombo vya habari viliripoti kwamba hata Mhashamu Askofu Severine Niwemugizi, mchungaji wa Jimbo hili la Rulenge-Ngara, alihojiwa kuhusu uraia wake. Anayejua uchungu wa kuambiwa "wewe si wa hapa" atawezaje kumwambia mwenzake neno hilohilo kwa dharau? Taifa la Israeli liliamriwa kumpenda mgeni kwa sababu lenyewe lilikuwa mgeni katika nchi ya Misri (Kum 10:19).

Je, maana yake mipaka ifutwe? La hasha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2241) inazitaka nchi zenye uwezo kumpokea mgeni anayetafuta usalama na riziki. Papo hapo inakiri kwamba serikali ina haki ya kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba mgeni anawajibika kutii sheria za nchi iliyompokea. Mkristo hafichi wahalifu wala silaha. Lakini sheria iliyowekwa kulinda amani isigeuzwe kuwa kichaka cha kufichia dhuluma.

Hapa ndipo uraia wetu wa mbinguni unapojaribiwa. Msimu wa kilimo ufikapo, vibarua kutoka ng'ambo huvuka kuja kulima. Mwajiri anayemtumia mtu mwezi mzima, kisha siku ya malipo akamtisha kwamba atamripoti, huyo hatetei sheria, anaiba. Mtume Yakobo asema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Vivyo hivyo, katika Jumuiya zetu mtoto wa mgeni asikose mdhamini wa Ubatizo, na msiba wa mgeni usikose wachimba kaburi. Hayati Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996, alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu ni mfano wa kushirikishana maisha. Jumuiya inayosali rozari pamoja na kumkataa jirani haijaupokea urithi huo.

Wako wanaosema kwamba kuhubiri habari za mbinguni ni kuwatuliza maskini wasidai haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kujibu katika hati Gaudium et Spes (namba 39): kuingojea nchi mpya hakupaswi kupunguza bidii yetu ya kuitunza nchi hii, bali kuichochea. Tena tukisoma vema Ufunuo sura ya 21, twaona kwamba Yerusalemu Mpya hushuka kutoka kwa Mungu na kuja kwa wanadamu. Mji huo una ukuta mkubwa na malango kumi na mawili, lakini malango hayo hayafungwi kamwe, na mataifa huingia humo wakileta fahari yao. Hata hivyo hakiingii humo chochote kilicho kinyonge au cha uongo. Kinachozuiwa langoni ni dhambi. Kabila na lugha havizuiwi.

Tangu mwaka 2017 makundi ya wakimbizi wa Burundi yamekuwa yakirejeshwa kwao kutoka kambi za Mkoa wa Kigoma, na mjadala juu ya nani abaki na nani aondoke haujaisha. Maamuzi hayo yako mikononi mwa serikali na mashirika husika, nasi tuziombee ziongozwe na ukweli na huruma, ili anayerudi arudi kwa hiari na kwa usalama. Lakini ujira wa kibarua, nafasi ya mgeni katika Jumuiya na neno tunalomwita vimo mikononi mwetu. Siku ya mwisho Bwana hatatuuliza tulizaliwa upande upi wa mpaka. Atatuuliza kama alipokuwa mgeni tulimkaribisha (Mt 25:35), na kwa jibu letu itajulikana kama tulikuwa raia wa mji wake tangu tukiwa hapa duniani.