Chachu ya Mabibo Isidharauliwe

Wako wanaodai kwamba ethanoli ni suala la Kilombero na Moshi, kwenye miwa na matangi ya molasi, na kwamba Nachingwea na Ruangwa, ambako hakuna kiwanda cha sukari, hazina la kusema. Huo ni uvivu wa fikra.

Sukari ya Nachingwea na Ruangwa imo ndani ya mabibo. Kila msimu mkulima huchukua korosho na kuliacha bibo lioze chini ya mkorosho, ingawa bibo lina uzito wa mara tano hadi kumi ya korosho yake, na maji yake yana sukari ya kiasi cha asilimia 10. Kwa hesabu ya kemia tunayoifundisha shuleni, kilo 100 za sukari ya glukosi haziwezi kutoa zaidi ya kilo 51 za alkoholi. Tutafika karibu na kiwango hicho au tutabaki mbali nacho, hilo hutegemea sana chachu. Na hapa ndipo penye ugomvi wetu.

Husemwa kwamba hamira ya dukani yatosha. Haitoshi. Hamira hiyo ilichaguliwa kwa kazi ya kuumua mkate. Joto la tangi likipita nyuzi 35 na alkoholi ikizidi, hulegea na kufa huku sukari ikibaki. Wabrazili walioanzisha mpango wao wa alkoholi mwaka 1975 walikuja kuona chachu za mwituni zikiishinda hamira ndani ya matangi. Watafiti wao wakazipima moja moja. Nyingi hazikufaa, zilijaa mapovu. Lakini chache, kama ile iitwayo PE-2 iliyopatikana katika miaka ya 1990, zikawa tegemeo la viwanda vyao.

Je, chachu ya uraka imepimwa na nani? Maji ya mabibo huchacha yenyewe mtungini, katika joto la Novemba, pamoja na ukakasi wa bibo unaozisumbua chachu nyingine. Chachu iliyozoea taabu hiyo ndiyo ya kuanzia: ichaguliwe, izalishwe, kisha izoeshwe molasi kidogo kidogo. Hatuitetei gongo, ambayo sheria imeikataza, na madhara yake twayajua.

Ni kweli mabibo huharibika upesi na kuyasafirisha ni taabu. Ndiyo maana hatudai kiwanda kikubwa kesho. (Nachingwea haijasahau mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ambao matrekta yalitangulia na upimaji wa udongo na mvua ukafuata.) Tunachodai ni kidogo: watafiti wa Naliendele na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakusanye chachu vijijini, waandike imetoka kijiji gani na mtungi wa nani, waihifadhi, waijaribu kwenye molasi ya Kilombero. Barua ya kuwaomba yaweza kuandikwa na ofisi za kilimo za wilaya hizi mbili kabla mikorosho haijachanua.