Waya wa pasi kwenye taa ya vifaranga: umenye, usiuchome

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka la vifaa pale kijijini, leo naweka pembeni habari za mbegu na chanjo. Nataka tuzungumze kuhusu ule waya uliovikwa kitambaa, tunaouita waya wa pasi. Huku kwetu, tambarare na milimani, wafugaji wengi wanautumia kutundikia taa za kulea vifaranga, na wengine wanaumalizia sebuleni.

Msimamo wangu ni huu: waya huo hauna ubaya. Kwa taa ya vifaranga naupenda kuliko ule wa plastiki. Kinachotuletea hatari ni namna tunavyoumenya, pamoja na tabia ya kuuziana mikukuu iliyong'olewa kwenye pasi mbovu.

Waya wa kawaida wa plastiki umetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 70 hivi. Globu ya wati 100 ikiwaka usiku kucha, holda yake hupata joto kali, na plastiki iliyo karibu hulainika, kisha hukakamaa na kupasuka. Kitambaa cha pamba hakiyeyuki kikiguswa na kitu cha moto, ndiyo maana kikawekwa kwenye pasi. Wala usiuogope wembamba wake. Globu ya wati 100 kwenye umeme wa volti 230 inavuta chini ya nusu ampea, hivyo waya wa 0.75 unatosha na kubaki. Kwa sola hesabu inabadilika: wati hizo hizo kwenye betri ya volti 12 zinavuta zaidi ya ampea 8, na hapo waya mwembamba utachemka. Taa ya sola ya wati 10 haina shida, ilimradi usiuvute waya mrefu hadi banda la mbali, maana mwanga utafifia njiani. (Na wewe uliyebadilisha globu ukaweka ya LED ili kuokoa uniti za Luku, usishangae vifaranga kurundikana pembeni. LED inatoa mwanga, joto haina la kukupa.)

Sasa kumenya. Wengi tunaiweka ncha kwenye moto wa kiberiti au mkaa, kitambaa kinaungua, mpira unalainika, tunauvuta kwa kipande cha kanga. Ni haraka, sikatai. Lakini joto linapanda ndani kupita pale unapoona. Mpira uliobaki unakuwa mkavu kama ukoko na kumeguka ukiukunja. Kopa nayo inakuwa nyeusi, haishikani vizuri na skrubu ya holda, na mahali pasiposhikana vizuri ndipo joto linapozaliwa. Chini yake umetandaza maranda makavu, pembeni kuna boksi la karatasi, na wewe umelala.

Fanya hivi. Kwanza hakikisha waya haujaunganishwa popote. Pima sentimita 4 kutoka kwenye ncha, halafu zungushia uzi wa kushonea mara nne au tano na kukaza, au tepu nyeusi, ili kitambaa kisifumuke. Ndipo ukate kitambaa kwa mkasi mbele kidogo ya ule uzi. Wembe usiutumie kuzungusha, kwa sababu utapita kwenye kitambaa na kuujeruhi mpira bila wewe kujua. Ndani utakuta nyuzi za pamba za kujazia: zikate zote, ni kuni hizo. Utabaki na nyaya tatu. Menya mpira wa kila mmoja kama sentimita 1 kwa plaizi, taratibu. Kama nyuzi kadhaa za kopa zimekatika, kata ncha yote uanze upya. Zilizobaki salama zisokote pamoja kabla ya kuzitia kwenye skrubu.

Kahawia ni moto, bluu ni nyutro, na ule wa kijani na njano ni wa ardhi. Holda ya chuma lazima iunganishwe na ardhi, hapo sina mjadala. Ya plastiki haina pa kuuweka, basi ukunje na kuufunga tepu. Funga fundo ndani ya kofia ya holda ili uzito usibebwe na skrubu. Hata hivyo, taa yenyewe itundike kwa mnyororo au waya wa kufungia, kama sentimita 45 juu ya maranda. Waya wa umeme ni wa kuleta umeme, kazi ya kamba si yake.

Ndugu zangu wa Chome na Mamba kwenye ukungu, kitambaa kinanyonya maji. Usiupitishe nje, usiuchimbie kwenye ukuta wa udongo, usiuache ghala la tangawizi lenye unyevu. Kwa nyaya za ndani ya nyumba ita fundi mwenye leseni ya EWURA.

Nije kwa wafanyabiashara. Waya uliotoka kwenye pasi kuukuu, au kwenye nyumba za zamani za misheni na za mashamba ya mkonge, usimuuzie mtu kwa ajili ya taa. Rudisha kitambaa nyuma sentimita 5 uone: mpira ukimeguka kama makombo au ukinata vidoleni, huo ni wa skrepa. Na skrepa yenyewe usiichome. Kopa iliyoungua hushushwa daraja kwa mnunuzi, na vitambaa vya vyombo vya joto vya zamani sana vingine vilichanganywa asbesto, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Halafu usipunjwe: ndani ya mpira wa zamani kopa hupakwa bati, inang'aa nyeupe, na wapo wanunuzi watakaokuambia ni aluminiamu. Ikwangue kwa kisu mbele yao. Ikitokea nyekundu, dai bei ya kopa.

Mfugaji, ukienda dukani omba ukatiwe mita 3 kutoka kwenye rola, mbele ya macho yako. Ukiletewa kipande kilichokunjwa ambacho ncha yake ni nyeusi, mrudishie.