Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Aliyekwenda kwa ahadi ya kurudi, arudi darasa gani?

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: MWANAFUNZI ANAYEKWENDA KUSOMA NJE KWA MWAKA MMOJA



Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Mbagala, Manispaa ya Temeke. Tangu nilipoacha chaki, watoto wa shule za kata za huku kwetu, na wengine kutoka Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, huniletea fomu zao za kuomba nafasi za kusoma nje. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa wazazi wengi na dawa yake iko mezani kwako.

Nazungumzia mabadilishano ya wanafunzi wa sekondari. Programu inayojulikana zaidi ni YES, iliyoanzishwa na Marekani mwaka 2002. Mwanafunzi huishi na familia mwenyeji, husoma mwaka mmoja wa shule, kisha hurejea kwao. Nauli, bima na posho hulipwa na programu. Wala si safari ya kuzamia: anayekwenda kwa ufadhili huo hubanwa na sharti la kukaa nchini kwake miaka 2 kabla ya kupewa visa ya kuhamia Marekani. Mtoto huyu anaondoka akiwa ameshaahidi kurudi. Swali langu kwako, Mheshimiwa: akirudi, anarudi darasa gani?

Tuangalie kalenda. Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, mwaka wetu wa masomo huanza Januari. Wamarekani huanza Agosti au Septemba na kumaliza Mei au Juni. Mtoto akiondoka Agosti akiwa Kidato cha Tatu, anakosa muhula wa pili wa mwaka huo na muhula wa kwanza wa Kidato cha Nne. Usajili wa watahiniwa wa Baraza la Mitihani hufanyika mwanzoni mwa mwaka, yeye akiwa bado ughaibuni. Alama za maendeleo za shuleni zina pengo. Anatua Juni, na mtihani wa Taifa ni Novemba. Akiondoka Kidato cha Pili ndiyo kabisa: upimaji wa Novemba unampita, na bila upimaji huo hapandi Kidato cha Tatu.

Kinachobaki ni kurudia darasa, nako si kwepesi. Katika shule zetu, mwanafunzi asiyeonekana kwa siku 90 mfululizo huhesabiwa mtoro, na huyu wetu hayupo kwa karibu miezi kumi. Niliwahi kuona fomu ya binti mmoja ikilala kwenye trei ya mkuu wake wa shule mpaka siku ya mwisho ya maombi ikapita. Mkuu hakuwa na roho mbaya. Aliogopa kuja kuulizwa mtoto yuko wapi, naye hana karatasi ya kujitetea.

Mtoto wa shule ya ada kubwa inayofuata mtaala wa Cambridge haoni taabu hii, maana kalenda yake inaendana na ya huko aendako. Nafasi ni ileile, lakini kwa mtoto wa Masaki ni nyepesi na kwa mtoto wa Chamazi ni mzigo.

Kuna pia suala la nyaraka. Nenda steshenari yoyote ya Rangi Tatu siku za maombi. Mzazi anafungua bahasha ya kaki na kutoa tangazo la kizazi alilopewa hospitali, limekunjwa mara nne, akiamini ndicho cheti cha kuzaliwa. Mwenye cheti naye anakuta kimeandikwa Khadija, wakati shuleni tangu darasa la kwanza ni Hadija. Herufi moja hiyo inampeleka kwa wakili kula kiapo, kisha RITA, wakala wa usajili wa vizazi, ndipo aanze kufikiria pasipoti ya Sh 150,000. Dirisha la maombi halimsubiri.

Wapo watakaosema huu si wakati wake. Kweli, kwa tangazo la rais wa Marekani la Desemba 2025, kuanzia Januari 1, 2026 Watanzania wamesitishiwa aina kadhaa za visa, zikiwamo F za wanafunzi na J za mabadilishano. Lakini mabadilishano hayaanzi wala kuishia Marekani, na kurekebisha utaratibu wetu wa mitihani hakuhitaji visa ya mtu. Mlango ukiwa umefungwa ndipo tunapata nafasi ya kutengeneza vilivyo vyetu.

Faida ya anayerudi na kupokewa tunaijua: Mwalimu Nyerere alikwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949 na kurejea 1952 akiwa na shahada. Aliporudi alipata kazi ya kufundisha Mtakatifu Francis, Pugu, hapa hapa pembezoni mwa Dar es Salaam. Nchi ilinufaika na safari yake kwa sababu alirudi akakuta pa kufanyia kazi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, waraka mmoja kwa wakuu wote wa shule, unaosema kwamba mwanafunzi aliyechaguliwa yuko kwenye ruhusa rasmi, nafasi yake imetunzwa, na unaoeleza atasajiliwaje kwa upimaji na mtihani akirejea.

Pili, nafasi hizi zitangazwe kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za kila shule ya kata, mapema, na iandikwe wazi kwamba YES haina malipo, ili matapeli wa "ada ya kuchaguliwa" wakose pa kushika.

Tatu, shule na RITA wahakiki majina mtoto anapoingia Kidato cha Kwanza, wakati kosa la herufi bado ni dogo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalodai jengo jipya. La kwanza linataka ukurasa mmoja na saini yako. Tunaomba waraka huo uwe umefika shuleni kabla ya usajili ujao wa watahiniwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Temeke.

Nakala: TAMISEMI, Baraza la Mitihani la Tanzania, RITA, wazazi wote wa shule za kata.