Tupimeni Konea, Si Miwani Tu

Ilani ya kuanzisha vuguvugu la watu wenye keratokonasi Afrika Mashariki

Sisi ni vijana, na wazazi wa vijana, ambao macho yao yalianza kuharibika wakiwa bado shuleni. Wengi wetu tumebadilishiwa miwani mwaka baada ya mwaka, namba ikizidi kupanda, na kila mara tukaambiwa tuizoee tu. Tumeitwa wazembe wa masomo. Tumehamishiwa dawati la mbele. Wapo walioombewa, wapo waliotiwa maji ya majani machoni. Na muda wote huo maradhi yetu yalikuwa na jina, tena yalikuwa na njia ya kuyazuia. Tumekutana kwa sababu moja: keratokonasi ikigunduliwa mapema husimamishwa, ikichelewa hairudi nyuma, na sisi tulicheleweshwa.

Konea ni kile kioo kiangavu kilicho mbele ya mboni. Kikiwa kizima, unene wake ni kama nusu milimita. Keratokonasi hukifanya chembamba na kilegevu, kikasukumwa mbele mpaka kikachukua umbo la pia, mithili ya kiwiko cha shati kuukuu kinavyochomoza. Mwanga unaopita hapo hautui mahali pamoja. Ndiyo maana taa za magari usiku huota mikia, na herufi moja ubaoni huja na vivuli viwili vitatu. Mara nyingi huanza mtu anapobalehe, hukimbia katika ujana, kisha hutulia anapokaribia miaka 40. Hushika macho yote mawili, ingawa moja hutangulia. Wazazi wasikie hili: huu si upofu wa giza totoro. Lakini kijana ambaye haoni namba ya daladala mpaka imempita, na mtihani anaufanya kwa kubahatisha, hafarijiki sana kuambiwa kuwa mwanga anauona.

Tunaanza na kuwashwa, maana kwetu hadithi nyingi zinaanzia hapo. Mtoto ana aleji ya macho: yamebadilika rangi, yanatoa ute wa nyuzinyuzi, na kutwa anayafikicha kwa vifundo vya vidole. Nyumbani husemwa ataacha akikua. Kufikicha kwa nguvu na kwa miaka ni miongoni mwa mambo ambayo madaktari huyahusisha sana na konea kulegea. Urithi nao umo. Hatusemi kila mtoto anayefikicha ataugua. Tunasema mtoto wa namna hiyo apelekwe kliniki ya macho, si duka la dawa. Dukani atauziwa matone yenye steroidi, mwasho utakoma siku ileile, mama atashukuru na kurudi kununua chupa nyingine, na nyingine. Matone hayo yakitumika miezi bila daktari kufuatilia, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa mwenye umri wa darasa la tano. Tumeyaona haya miongoni mwetu, na tutayasema kwa sauti hata kama wenye maduka watanuna.

Mtu asituambie kwamba ugonjwa huu ni mgeni. John Nottingham, daktari wa Liverpool, aliuandikia kitabu kizima mwaka 1854. Mtu asituambie pia kwamba ni wa wachache mno. Uchunguzi uliotolewa Uholanzi mwaka 2017 ulikadiria mtu 1 katika kila 375. Riyadh, watoto na vijana walioletwa hospitali kwa shida zisizo za macho walipopimwa konea kwa mashine, karibu 5 katika kila 100 walikutwa nayo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Panapopimwa, inaonekana. Kwetu wengi hawajapimwa kabisa, kisha ukimya wa madaftari unachukuliwa kuwa ushahidi wa afya.

Mashine inayochora ramani ya konea ni ya gharama, tunakubali. Shaka haina gharama. Mpima macho mwenye retinoskopu anayajua yale mawimbi ya mwanga yanayofunguka na kufunga kama mkasi. Akiyaona kwa kijana, asiandike namba mpya na kumwaga. Hata asiyekuwa na kifaa hicho anaweza kumwekea mtu kikinga chenye tundu dogo mbele ya jicho: akisoma vizuri zaidi kupitia tundu, na bado hakuna miwani inayomfikisha hapo, kuna jambo. Astigmatizimu inayopanda kila mwaka kwa kijana ni jambo jingine. (Mreno Plácido alichungulia konea mwaka 1880 kwa kibao cha duara chenye pete nyeusi na nyeupe. Kibao cha namna hiyo hutengenezwa kwa kadibodi. Hatudai kirudi kliniki. Tunakumbusha tu kwamba umaskini si sababu ya kutotazama.)

Kwa nini tunapiga kelele juu ya muda? Mwaka 2003 madaktari wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya tiba iliyobadilisha kila kitu: konea hutiwa matone ya vitamini B2 kwa nusu saa, kisha humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno kwa nusu saa nyingine, na nyuzi za kolajeni hushikana na kukaza. Tiba hiyo haikurudishii macho ya zamani. Inazuia kuharibika zaidi. Ila kwa utaratibu ule wa awali, konea inatakiwa iwe na unene usiopungua mikroni 400. Kila miwani tuliyouziwa bila konea kupimwa ilitusogeza karibu na mpaka huo, na baadhi yetu tulifika kliniki tukiwa tumeshauvuka.

Aliyeuvuka anaishi, na anaishi na lenzi. Miwani haimsaidii tena. Anahitaji lenzi ngumu, au ile kubwa inayokaa juu ya weupe wa jicho na kuiruka konea bila kuigusa. Stephen Curry wa mpira wa kikapu alisema mwaka 2019 kwamba ana keratokonasi na kwamba ameanza kuvaa lenzi. Tulifurahi kama tumeshinda sisi. Lakini lenzi ya Curry haipandi bodaboda kwenye vumbi la kiangazi, na ikidondoka kwenye beseni hakosi nyingine. Kwetu lenzi moja ikipotea ni kazi kupotea. Tutafundishana kuzitunza: mikono ioshwe na kukaushwa, dawa ya kuoshea isirudiwe, na lenzi isiguse maji ya bomba wala mate, hata mara moja.

Mwisho wa njia ni kupandikiziwa konea ya marehemu, kazi ambayo Eduard Zirm aliifanikisha mwaka 1905. Si muujiza: huchukua muda mrefu kupona, mwili unaweza kuikataa, na matone hayaishi leo wala kesho. Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, ilianzisha chama cha kuchangia macho mwaka 1961 na imekuwa ikipeleka konea nchi nyingi duniani. Konea huchukuliwa saa chache baada ya kifo na uso wa marehemu haubaki na kasoro. Tunawaomba masheikh, maaskofu na wazee wa koo tukae mkeka mmoja tulizungumze hili.

Kwa hiyo tunadai. Kijana ambaye namba yake imepanda mara mbili mfululizo, au ambaye miwani haimfikishi, apewe rufaa ya kupimwa konea, na rufaa hiyo iwe wajibu, isiwe hisani. Bima za umma zilipie tiba ya kukaza konea na lenzi za keratokonasi. Lenzi hizo si urembo. Hospitali zenye mashine ziweke siku za kupima wa nje kwa bei wanayoiweza. Anayetangaza leza ya kuachana na miwani asiguse jicho lolote kabla ya kuichora konea yake, kwa kuwa leza hiyo hupunguza unene ambao sisi hatuna. Walimu wafundishwe kutofautisha mtoto mvivu na mtoto asiyeona.

Sisi nasi tunajifunga. Hatutapokea senti ya anayeuza lenzi, mashine au matone. Hatutampa mgonjwa mpya matumaini ya uongo. Uanachama hauna ada, na mzazi ana kura sawa na mgonjwa mpaka mtoto atimize miaka 18.

Kazi ya kwanza iko majumbani kwetu. Ugonjwa huu hutembea katika damu, na wengi wetu tuna wadogo zetu na watoto ambao hawajawahi kupimwa. Kabla ya tarehe 10 Novemba, Siku ya Keratokonasi Duniani, kila mwanachama ampeleke ndugu yake mmoja akapimwe konea, na alete majibu kwenye mkutano.